Wimbo wa Fundi wa Mapipa

Siku tuliyomuaga marehemu Bi Lorna tulikuwepo watu hawa: mimi. Mdogo wangu Zulekha na binti yake Maryam. Ndugu yetu Hamadi, aliyetoka moja kwa moja kazini na rangi ya ukutani bado iko vidoleni. Bi Hidaya, jirani yetu wa zamani wa mtaa wa Queensbury, ambaye sasa anatembelea mkongojo lakini ulimi wake haujachoka. Na waimbaji wa Jumamosi, wale wakongwe walioniona nikiwa msichana na wale wapya wanaonijua kwa sura tu. Ami yetu Khamis hakuwepo, kwa kuwa alitangulia zamani, lakini namtaja kwa sababu kisa hiki hakiendi bila yeye. Viti vilikuwa vimepangwa mraba, pande nne zikitazamana, sakafu tupu ikiachwa katikati. Kwenye safu ya mbele ya upande wa sauti za juu palikuwa na kiti kimoja kisichokaliwa, kimewekewa shali ya sufi ya kijani. Nikaitazama ile shali nikaukumbuka mwaka mmoja tu, ingawa mwenye shali nilimjua kwa zaidi ya nusu ya umri wangu.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilikuwa nimeshaacha skuli, na wadogo zangu wawili walikuwa mikononi mwangu: Zulekha wa miaka kumi na Hamadi wa sita. Misiba ya wazazi ilikuwa imepita msimu wa baridi, na hapa sitairudia. Tuliishi juu ya duka la vyombo la Mhindi mzaliwa wa Kisumu, aliyekuwa akitusimamisha mlangoni kila asubuhi na kutuuliza kwa Kiswahili chake cha bara kama watoto wameshakula. Fleti ilikuwa na vyumba viwili na jiko ambalo dirisha lake halikufunga vizuri, kwa hiyo nilizoea kupika nikiwa nimevaa koti. Alfajiri nilisafisha ofisi, nikiwaacha wadogo kwa Bi Hidaya. Jumamosi, siku ambayo Bi Hidaya naye alikuwa na shifti, nilifanya kazi kwenye ukumbi mmoja wa kukodisha: kufungua milango, kupika chai, kuosha vikombe, kufunga. Watoto nilikwenda nao nikawakalisha jikoni, na meneja wa ukumbi alikuwa ameshanionya mara kadhaa kwamba jikoni kuna maji ya moto na si mahali pa watoto. Alikuwa na haki yake. Mimi sikuwa na pengine pa kuwaweka.

Waliokodisha ukumbi ule Jumamosi walikuwa watu wa ajabu kwangu. Waliimba nyimbo za kale za Marekani, za enzi ambayo nchi ile ilikuwa bado changa na vijijini hapakuwa na vinanda. Haikuwa kwaya ya kutumbuiza, kwani hapakuwa na msikilizaji hata mmoja. Kila mtu alipata zamu ya kuingia katikati ya mraba, kuchagua wimbo na kuuongoza kwa mkono: chini, juu, chini, juu. Na kila wimbo waliuimba kwanza kwa majina ya nota, fa, sol, la, mpaka mwisho, ndipo wakaurudia kwa maneno. Mkubwa wao alikuwa Bi Lorna, Mmarekani mrefu, mwembamba, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za mvulana. Yeye ndiye aliyetoa sauti ya kuanzia, kisha akakaa kimya kumsubiri aliye katikati.

Siku ya kwanza nilipokatiza mle nilikuwa nimebeba jagi la maziwa. Njia fupi ya kutoka jikoni kwenda kwenye meza ya chai ilipita katikati ya viti. Bi Lorna alikuwa ametoka kutoa sauti, na mzee aliyepewa zamu alikuwa bado anajiinua kitini, magoti yakimsumbua. Mimi sikujua chochote. Nilijua tu kwamba mtu hakatizi mbele ya watu waliokaa kama anayepita sokoni. Kwa hiyo nilifanya kama nilivyolelewa: niliinamisha kichwa, nikapinda mgongo, nikanyoosha mkono wa kulia mbele yangu na kuushusha chini, huku nikisema, "Kwa radhi zenu."

Mkono uliposhuka, ukumbi mzima ukalipuka kwa kuimba.

Niliruka nusura nimwage maziwa. Nikawatazama; nao walikuwa wakinitazama mimi, midomo wazi, mikono yao yote ikienda chini na juu. Nikasimama wima, nao wakaendelea. Nikarudi nyuma hatua moja, na upande niliousogelea ukazidisha sauti, kana kwamba nimewaomba. Kutoka jikoni nilimsikia Hamadi akimwambia dadake, "Zuu, njoo uone, dada kawawasha!" Bi Lorna akaja, akanipokonya jagi, akanishika kiwiko na kuanza kuupandisha na kuushusha mkono wangu. "Umeanzisha mwenyewe," akaniambia sikioni kwa Kiingereza chake cha kuburuza. "Aliyeanzisha hatoki mpaka wamalize."

Nimejaribu miaka yote kuwaeleza watu namna sauti zinavyokuwa pale katikati. Waliokaa pembeni husikia upande wao zaidi. Aliye katikati humfikia zote nne kwa nguvu moja, na kila moja inakwenda njia yake na bado haziachani. Tangu msimu wa baridi kila aliyenigeukia alikuwa na swali: afisa wa watoto wa kaunsili ya mji, walimu, mwenye nyumba, jamaa. Hawa hawakuniuliza kitu. Walinipa. Kisha nota zikaisha na maneno yakaanza, na nilipofahamu ni maneno ya kanisani nikaushusha mkono, nikakimbilia jikoni. Nilidhani nimefukuzwa kazi. Walipoondoka Bi Lorna alikuja kuosha vikombe pamoja nami, na akaona kile nilichoshindwa kukisema. "Nota hazina dini," akasema huku akifuta sahani. "Jumamosi ijayo kaa nasi uimbe nota. Maneno yakianza, pumzika. Na watoto watoke huku, waje wakae kwenye viti."

Ikawa hivyo. Zulekha akawekwa upande wa sauti za pili, Hamadi akakaa miguuni pa wazee wa besi kwa sababu alizipenda zile ngurumo. Mimi niliimba fa na sol na la kwa sauti yangu yote, na maneno yalipoanza nilifumba mdomo nikasikiliza. Mtaani habari ikafika kabla yetu. "Bibi wee," Bi Hidaya akaniambia nilipokwenda kuwachukua watoto asubuhi moja, "nasikia siku hizi unakaa na Wazungu mraba, mnapungiana mikono kama askari wa barabarani."

"Tunaimba, Bi Hidaya."

"Mnaimba nini?"

"Fa, sol, la."

"Basi na hayo ndiyo maneno? Watu wazima hao?"

Kulikuwa na jambo ambalo hakunitania nalo, kwa sababu lilimuumiza yeye pia. Mchana mmoja wa hitima nilikuwa jikoni kwetu nikitwanga tangawizi, na shangazi yangu Mwatima, aliyetoka Croydon, alikuwa akizungumza ukumbini na wenziwe. "Wa kike nitamchukua mie," nikamsikia akisema. "Wa kiume aende kwa Khamis kule Leicester, akakue na wanaume wenziwe." Mtu akauliza, "Na Raya?" Shangazi akajibu kwa upole kabisa, "Raya ataolewa. Mwacheni naye apumue." Nilisimama na mchi mkononi. Hakuna aliyesema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonitisha. Afisa wa kaunsili alikuwa ameshasema akipata jibu moja kutoka kwa ukoo mzima, atalifuata. Kikao kikapangwa Jumapili, wiki kadhaa mbele. Na nitasema kweli: usiku niliona uzito wa mzigo wangu, mchana nilihisi uchovu, na nikaanza kujiambia kwamba huenda wazee wanaona nisichokiona. Croydon si mbali. Leicester ni treni moja.

Wiki hizo Bi Lorna alianza kutualika kwake baada ya kuimba. Nyumba yake ilikuwa ndogo, imejaa vitabu vya muziki mpaka kwenye ngazi, lakini meza ya jikoni aliiacha tupu kwa ajili ya chakula. Alitupikia maharage ya kwao, yaliyokaa ndani ya oveni tangu jana yake kwenye chungu cha udongo, pamoja na asali nyeusi ya miwa. Kwao huyatia nyama ya nguruwe. Aliiacha kwa ajili yetu, na aliniambia mapema, kabla sijashika kijiko. Nilipomwambia kwamba na sisi Pemba maharage huyatia sukari, kwa nazi, alicheka mpaka akakaa. "Basi Fundi wangu angejisikia nyumbani kwenu," akasema. Nikamuuliza fundi gani. Ndipo nilipoelezwa habari za Obed Tarlow, na kwa Jumamosi tatu nne maisha ya mtu huyo yalitolewa mezani kipande kipande, pamoja na mkate wa mahindi.

Obed Tarlow alikuwa fundi wa mapipa, na pia mtunzi na mwongozaji wa waimbaji, katika Marekani ile ya mwanzo. Bi Lorna alikuwa ametumia maisha yake kumtafiti. Obed alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wanne. Homa iliwachukua baba na mama katika msimu mmoja wa baridi, na wakubwa wa mji wakafanya kama ilivyokuwa desturi yao: wakawagawa watoto kwenye nyumba zilizohitaji mikono ya kazi. Obed akapelekwa kwa fundi wa mapipa. Nathan, Ruth na Patience, aliyekuwa mdogo kabisa, wakapelekwa kila mmoja na njia yake. "Hawakuwa watu wabaya," Bi Lorna akasema, akinitazama mimi wala si watoto. "Walidhani wanasaidia." Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu kikao.

Skuli aliyoipata ilikuwa ndogo kuliko yangu. Muziki aliufahamu kwa mwalimu msafiri aliyepita mjini mwao msimu wa baridi akiwafundisha vijana kusoma nota, na nyumbani aliendelea mwenyewe, akigonga mapigo kwa nyundo kwenye mapipa na kuandika nyimbo zake kwa mkaa juu ya mbao ambazo kesho yake zingekunjwa na kuwa pipa. Bi Lorna alikuwa na hakika kwamba nyimbo zake nzuri zaidi zilisafirishwa zikiwa zimejaa samaki wa chumvi. Alipotimiza miaka ya kumtumikia fundi na kupata uhuru wake, akawa naye mwalimu msafiri. Alikodi chumba chochote chenye moto, akawaketisha vijana mraba, akasimama katikati na kuongoza kwa mkono ule ule wa nyundo, mzito, usiotetereka. Waliofundishwa naye walisema ungeweza kuuona ukiwa umefumba macho. Watu walidhani anazunguka kutafuta riziki. Alikuwa anazunguka kutafuta ndugu zake. Mama yao alikuwa na mtindo wa kuinua sauti kidogo mwishoni mwa kila mstari, kama anayeuliza, na Obed alimsikiliza kila kijana katika kila mji akisubiri mtindo ule. Kwa namna hiyo alimpata Nathan, mwanaume mzima mwenye ndevu, akiimba besi kwenye safu ya nyuma. Miaka baadaye akampata Ruth, tayari ana watoto. Patience hakumpata.

"Lakini aliendelea kumwandikia," Bi Lorna akasema. Akasimama pale jikoni, kitambaa cha vyombo begani, akaimba sauti ya juu ya wimbo mmoja wa Tarlow, kwa nota tu. Sauti nyingine, alieleza, Obed aliziandikia njia za kawaida. Ya Nathan inatembea taratibu, ya Ruth haivuki mipaka, ya kwake mwenyewe ndiyo inayobeba wimbo. Ile ya juu haitulii. Inapanda, inashuka, inachungulia huku na kule, na mwisho wa mstari inainuka kama anayeuliza. "Maisha yake yote aliacha mlango wazi kwa ajili yake. Mimi sauti hii huiimba kwa niaba ya Patience, basi. Sijawahi kuimba nyingine." Hamadi, mdomo umejaa, akauliza, "Na yeye Patience aliwahi kuusikia?" Bi Lorna akasema hajui. Hamadi akaacha kutafuna. Mimi nikamtazama Zulekha, aliyekuwa ameshika mkono wa nduguye chini ya meza akidhani simwoni, na nikajua nitasema nini Jumapili.

Wazee walikaa kwenye mkeka ukumbini kwetu, migongo ukutani. Bi Hidaya alikuwa mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, anasimamia wali na anasimamia kikao. Ami Khamis akaanza kwa kusoma dua, kisha akanigeukia. Alikuwa mtu wa huruma, mwenye sauti ndogo. "Raya, mwanangu. Hakuna anayesema hukujitahidi. Lakini Jumamosi watoto wanakaa jikoni mwa watu. Hayo si malezi."

"Hawakai tena jikoni, Ami."

"Wanakaa mraba!" Bi Hidaya akadakia.

Kengele ikalia. Nilimwalika mimi, na nusu yangu ilitumaini asije. Bi Lorna akavua viatu mlangoni. Soksi moja ilikuwa na tundu, kidole gumba kinachungulia. Akaweka katikati ya mkeka chungu kilichofungwa taulo, akajishusha chini kwa shida, akasalimia kwa salamu niliyomfundisha kwenye basi. Shangazi Mwatima hakungoja. "Muulizeni huyu mama," akasema, "watoto wetu anawafundisha dini gani?" Ami akatafsiri kwa adabu, akapunguza makali. Bi Lorna akajibu, "Nota. Dini wanayo." Kisha akasema alilojia, na halikuwa refu: kila Jumamosi, kuanzia asubuhi mpaka nitoke kazini, watoto watakuwa naye, awe anaimba au haimbi, mgonjwa au mzima, kwa muda wowote nitakaohitaji. Hakunisifu wala hakuniombea.

Nikasimama. Pale ndipo nilipogundua kwamba jamaa wote wamekaa pande nne na mimi niko katikati, na woga ukanitoka. "Hawaendi," nikasema. "Croydon watakwenda kutembea. Kwa Ami watakwenda likizo. Kulala watalala hapa, wote watatu, na mimi nikiwa mmoja wao. Mkitaka kunisaidia, nisaidieni nikiwa nao. Mkishawagawa, hamtaweza kuwaunganisha tena, hata mkitaka." Mkono wangu ulikuwa unakwenda chini na juu wenyewe. Bi Hidaya aliuona. Akafunika mdomo kwa mwiko.

Ami Khamis akafunua chungu, akachota maharage kwa kipande cha chapati, akala, akachota tena. "Haya yana sukari," akasema kwa mshangao. "Kama ya mama." Akamgeukia dadake. "Mwatima, tumpe mwaka." Shangazi akafuta macho kwa kanga yake, akasema mwaka mmoja si mbaya, lakini likizo zote ni zake. Tukasoma Fatiha. Mwaka ulipokwisha hakuna aliyeuliza.

Jioni ile nilimsindikiza Bi Lorna mpaka kituo cha basi, nikamuuliza nitamlipa nini. Nilikuwa nafikiria kumsafishia nyumba. Akafunga shali yake ya kijani, akafikiri. "Nataka maneno," akasema. "Wimbo ule wa Patience, nota unazo. Utungie maneno ya lugha yako, ambayo unaweza kuyaimba bila kumuogopa Mungu wala Bi Hidaya. Siku moja nataka nikuone umesimama katikati na hukunyamaza." Nikaahidi. Niliona ni jambo dogo.

Nimekuwa nikijaribu tangu wakati huo. Nimejaribu nikipiga pasi, nikisubiri treni, nikiwalisha wazee kwenye nyumba ya kulelea ninakofanya kazi. Nimewaona Zulekha akimaliza chuo na Hamadi akifungua kazi yake ya upakaji rangi, na kila mara nilidhani sasa maneno yatakuja. Shukrani ninazoziweza ni za kawaida, na zile nota hazizikubali; zinauliza, na mimi najibu. Kila Idi Bi Lorna alipiga simu, akatupongeza, akauliza, "Maneno?" Nami nikasema, "Bado." Nilipokwenda kumtazama hospitali mara ya mwisho aliuliza kwa macho tu.

Kwetu, kabla ya maiti kuondoka, mtu husimama akauliza nani anamdai marehemu, ajitokeze ili alipwe. Siku tuliyomuaga Bi Lorna nilikaa nikisubiri mtu aulize kinyume chake, nani anadaiwa naye, na nilikuwa tayari kunyoosha mkono. Hawakuuliza. Waliniita jina tu, niongoze wimbo wa Tarlow. Nikapita mbele ya viti nimeinama kama zamani, nikasimama, nikashusha mkono. Wakaimba nota. Zulekha kwenye sauti ya pili, Hamadi nyuma kwenye besi, mnene, mwenye ndevu zake; na upande wa juu wakafanya walivyoweza wakikizunguka kile kiti. Nota zikaisha. Palepale ambapo maneno huanza nikaushikilia mkono juu, kwa sababu sikuwa na cha kuwapa, na wote wanajua kwamba ya kitabuni siyaimbi. Waliningoja. Kisha mzee mmoja wa besi akaanza upya, fa, sol, la, na mraba mzima ukamfuata, wakaacha maneno yao wakaimba nota mara ya pili, na mimi nikaimba nao mpaka mwisho, pale sauti ya juu inapoinuka na kubaki inauliza.

Nilikwenda jikoni kuosha vikombe. Maryam akanifuata, akachukua kitambaa, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha hapa kama yale maneno nimeshayamaliza. Bi Hidaya, kitini mlangoni, akageuza kichwa asikie jibu.

"Bado, mwanangu," nikamwambia. "Hata la kwanza."